Nichukue mfuko gani wa bondi kusawazisha hisa zangu?

Swali: Hujambo mtaalamu. Nina miaka 39, naishi Kasarani, Nairobi, na ni mhasibu katika kampuni ya usafirishaji huko Industrial Area. Nina dola kama 5,000 (sh 650,000 hivi) kwenye mfuko wa fahirisi ya hisa za dunia kupitia broka wa nje, hisa za Safaricom na KCB za sh 350,000, na sh 400,000 kwenye MMF (mfuko wa soko la fedha). Sacco nina amana ya sh 280,000. Kazini tuna pensheni. Taarifa ya mwisho ilisoma sh 900,000. Nimesoma kwamba mkoba wa muda mrefu unafaa uwe asilimia 60 hisa na 40 bondi, na rafiki ameniambia MMF haihesabiwi kama bondi. Nimeletewa karatasi za mifuko mitatu: mmoja wa bondi za shilingi, mmoja wa dola, na mmoja unaoitwa "maalum" ambao unalipa kuliko yote. Nichukue upi, au nigawe pesa katika yote mitatu? Naweza kuweka sh 25,000 kila mwezi. Mume wangu anaona heri tununue ploti Joska.

Jibu: Dada, asante kwa kuleta tarakimu zako zote. Wengi huuliza "mfuko upi mzuri" bila kusema wana nini mkononi, na swali la namna hiyo halina jibu. Tuanze na yale uliyoyataja kwa kupita.

Umehesabu hisa na MMF, halafu pensheni na Sacco ukaziweka pembeni kama pesa za mtu mwingine. Mipango ya pensheni hapa nchini huweka karibu nusu ya mali yake katika dhamana za serikali, yaani mikopo tunayoipa serikali kwa riba, bondi zikiwemo. Kwa hiyo katika zile sh 900,000, kama sh 450,000 tayari ni bondi, hata kama hujawahi kutia sahihi popote kununua bondi. Amana za Sacco hazipandi wala kushuka na soko, na zinakulipa riba mara moja kwa mwaka. Katika hesabu hii nazo zinakaa upande wa bondi. Kwenye MMF, toa kwanza akiba ya dharura. Nikikisia kwamba nyumba yenu inatumia sh 80,000 kwa mwezi, miezi mitatu ni sh 240,000. Hizo si za uwekezaji, usizihesabu kabisa. Zinabaki sh 160,000.

Jumlisha sasa: 450,000 za pensheni, 280,000 za Sacco na 160,000 za MMF ni sh 890,000. Mali yako yote, ukiacha ile ya dharura, ni sh 2,340,000. Zile sh 890,000 ni asilimia 38 yake. Ile 40 unayoitafuta umebakisha pointi mbili tu, na karatasi tatu za mameneja bado ziko mezani hazijatiwa sahihi.

Lakini angalia zilivyokaa. Amana za Sacco huzitoi mpaka ujiondoe uanachama, na kama umewadhamini wenzako mikopo, hata kujiondoa kuna foleni yake. Pensheni sheria imeifunga. Katika zile sh 890,000, ni 160,000 peke yake unazoweza kuzihamisha wiki hii ukitaka. Na kazi ya bondi katika mkoba kama wako ni hiyo hasa: hisa zikianguka, uwe na kitu ambacho hakikuanguka, unachoweza kukiuza na kununua hisa zikiwa bei rahisi, au uishi nacho kazi ikikatika ili usilazimike kuuza hisa kwa hasara. Bondi iliyofungiwa kwenye pensheni itakufaa sana ukiwa na miaka 60. Leo haikusaidii kusawazisha chochote. Kwa hiyo unatafuta mfuko wa kuongeza sehemu ile unayoweza kuigusa, na sharti hilo pekee linatosha kuondoa nusu ya chaguo zilizoko sokoni.

Sasa, pengine umesoma mahali kwamba hisa zikishuka bondi hupanda. Wakati mwingine ni kweli. Marekani mwaka 2022 fahirisi pana ya bondi zao ilipoteza asilimia 13, mwaka uleule ambao fahirisi ya hisa kubwa za huko, S&P 500 ilipoteza kama 18. Kwetu mfano wa karibu ni 2023. Fahirisi ya hisa zote za Soko la Hisa la Nairobi, NASI, ilianguka kwa takriban asilimia 28. Dola iliyokuwa sh 123 mwanzoni mwa mwaka ilifika sh 156 mwishoni. Viwango vya riba vikapanda, na bondi ndefu, za miaka mingi, zilizokuwa mikononi mwa watu zikapoteza bei kwa kuwa mpya zilikuwa zinalipa zaidi. Hisa za nyumbani na bondi ndefu za nyumbani zilishuka pamoja kwa sababu zilezile: wawekezaji wa nje walikuwa wanaondoka, shilingi inadhoofika, na serikali inakopa kwa gharama inayopanda kila mnada.

Nini kilisimama mwaka huo? Karatasi fupi za serikali, yaani dhamana za mwaka mmoja au chini, kwa kuwa zinaiva haraka na kununuliwa upya kwa riba mpya iliyo juu. Na hisa za dunia: fahirisi yake ya MSCI World ilipanda karibu asilimia 24 kwa dola, na kwa mtu anayehesabu kwa shilingi ilikuwa zaidi ya 50. Mwaka 2024 mambo yakageuka. NASI ikapanda kama asilimia 34, dola ikarudi kwenye sh 129, Benki Kuu ikaanza kupunguza kiwango chake cha riba mwezi Agosti, na aliyeshika bondi ndefu akacheka.

Ninachokitoa hapo kwa ajili yako ni hiki. Ule mfuko wako wa hisa za dunia tayari unakukinga na msukosuko wa shilingi. Bondi zako hazihitaji kuifanya kazi hiyo tena. Ziache zifanye kazi ya utulivu, kwa shilingi, kwa muda usio mrefu sana.

Rafiki yako aliyesema MMF haihesabiwi kama bondi ana hoja, ingawa ameipitiliza. MMF inashika bili za Hazina za siku 91, 182 na 364, amana za benki, na karatasi nyingine fupi. Haiyumbi, lakini riba yake inafuata upepo. Bili ya siku 364 ilikuwa inalipa karibu asilimia 17 katikati ya 2024. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 10. Kiwango cha Benki Kuu chenyewe kilitoka 13 Februari 2024 hadi 9.5 Agosti 2025. Aliyekuwa na MMF peke yake hakupoteza hata senti ya mtaji, ila mapato yake yalikatika karibu nusu. Wakati huohuo aliyenunua bondi ya miundombinu ya Februari 2024, ile ya miaka minane na nusu, amejihakikishia asilimia 18.46 kwa mwaka bila kodi hadi 2032. (Bondi hiyo watu bado wanaitaja hata matangani. Serikali iliomba sh bilioni 70, wakenya wakaleta zaidi ya 280.) Usiikimbilie sasa, maana anayekuuzia leo sokoni anajua ina thamani gani na atakuuzia kwa bei iliyo juu ya sh 100 kwa kila 100, hadi faida yako ifanane na ya bondi nyingine za leo.

Kwa hiyo kuna hatari mbili zinazovutana. Karatasi fupi inakulinda bei, haikulindi mapato. Ndefu inakulinda mapato, haikulindi bei. Mfuko wa bondi unaokufaa ni wa katikati, na kujua kama ni wa katikati kunahitaji namba moja ambayo kwenye karatasi za mameneja huwa imeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa, au haimo.

Namba hiyo wenyewe huiita dyuresheni. Inakuambia bei ya mfuko itasogea kiasi gani viwango vya riba vikisogea. Dyuresheni ya 4 maana yake viwango vikipanda kwa pointi moja, tuseme kutoka asilimia 12 hadi 13, bei inashuka kama asilimia 4. Vikishuka pointi moja, inapanda kama 4. Nimekupigia hesabu ya bondi tatu, zote zinalipa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, nusu kila miezi sita, na zote umezinunua kwa sh 100. Viwango sokoni vikipanda kutoka 12 hadi 15, bondi ya miaka 2 itauzwa kama sh 95. Ya miaka 10 itauzwa chini kidogo ya 85. Ya miaka 20 itauzwa 81. Umeona kwamba kutoka miaka 2 hadi 10 umepoteza shilingi kumi za ziada, lakini kutoka 10 hadi 20 nne tu. Watu hudhani hatari inaongezeka sawasawa na miaka; haiongezeki hivyo, na sehemu kubwa ya maumivu inaanzia mapema kuliko wanavyofikiri. Mambo yakienda upande wa pili, viwango vishuke hadi 9, ile ya miaka 10 inapanda hadi 119 na nusu.

Hapo ndipo uangalie karatasi zinazojisifu kwa faida ya mwaka uliopita. Mfuko uliojaa bondi ndefu katika kipindi ambacho viwango vimeshuka kutoka 17 hadi 10 ulipata faida mara mbili: riba yenyewe, na kupanda kwa bei. Ile ya bei haiji tena mpaka viwango vishuke tena kutoka pale vilipo. Nikiona meneja ametangaza faida ya mwaka kwa herufi kubwa na dyuresheni hajaiandika, huwa naiweka karatasi yake chini ya zile nyingine.

Tuzichukue karatasi zako sasa.

Ule "maalum" acha. Sisemi ni wa wezi. Mifuko ya aina hiyo imesajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na kuna watu inawafaa. Lakini kanuni zinairuhusu kushika vitu vingi kuliko mfuko wa kawaida, kuweka sehemu kubwa mahali pamoja, na mingine hufanya biashara ya fedha za kigeni na mikataba ya kubashiri bei. Faida yake inatoka kwenye hatari ambayo wewe tayari umeinunua upande wa hisa. Ukiuweka upande wa bondi, ile 40 yako itakuwa ya jina tu. Unaupenda? Utoe upande wa hisa.

Wa dola nao, fungua uone umeshika nini. Mifuko ya dola ya hapa kwetu mara nyingi ina amana za dola kwenye benki zetu na bondi za dola za serikali ya Kenya. Anayekopa ni yuleyule, ila amebadilisha noti. Bondi ya dola bilioni 2 iliyotolewa 2014 na kutakiwa kulipwa Juni 2024 iliwanyima watu usingizi mwaka mzima kabla serikali haijakopa nyingine ya bilioni 1.5 mwezi Februari, kwa riba ya 9.75, ili kuinunua sehemu yake. Kuna pia njia ya kununua mifuko ya bondi ya Marekani kupitia broka wako huyohuyo, kama BND ya Vanguard, ambayo ada yake ni asilimia 0.03 kwa mwaka, ada ambayo Nairobi hutaipata kwa mtu yeyote. Lakini bondi ya Marekani kwa mtu anayelipa karo na kodi ya nyumba kwa shilingi ina tatizo: mwaka 2024, dola ilipotoka sh 157 hadi 129, ungekuwa umepoteza karibu asilimia 18 kwa shilingi katika kile kipande cha mkoba kilichotakiwa kisitikisike. Kama mtoto ataenda kusoma ng'ambo, hapo dola ina maana, kwa kiasi cha karo hiyo. Vinginevyo dola zako zikae kwenye hisa.

Umebaki wa shilingi, na huo nao usiuchukue kabla ya kumwandikia meneja. Muulize dyuresheni ya leo ni ngapi. Mimi ningetaka kati ya 2 na 4. Muulize bondi kumi kubwa anazoshika ni zipi na zinaiva mwaka gani. Chukulia karatasi inasema asilimia 78 ni dhamana za serikali, 15 amana za benki na 7 bondi za makampuni. Ile 7 ndiyo ya kuulizia majina. Imperial Bank ilikuwa imetoka tu kuuza bondi kwa umma ilipofungwa Oktoba 2015. Chase Bank nayo iliuza bondi 2015 na ikawekwa chini ya mrasimu Aprili 2016. Bima ya amana inalinda mwenye akaunti benki hadi sh 500,000. Mwenye bondi haimlindi, na mwenye mfuko hali kadhalika.

Swali linalofuata ni la bei, na hili wengi hawaliulizi. Je, bei ya kipande kimoja cha mfuko inabadilika kila siku kufuata soko, au mfuko unagawa riba tu na mtaji unasomeka vilevile siku zote? Kama umeshika bondi za miaka 10 na bei yake haijawahi kushuka hata siku moja, ile hasara haijatoweka. Haijaandikwa tu. Viwango vikipanda, wajanja watatoka kwa bei ya zamani, na watakaobaki ndio watakaowalipia. Mfuko ambao bei yake unaiona ikishuka kidogo mwezi mbaya ndio ninaouamini zaidi. Mwisho muulize: nikiomba pesa Jumatatu, zinaingia benki lini? Jibu la siku tatu au nne za kazi ni la kawaida. "Inategemea" si jibu.

Kuhusu kugawa pesa katika mifuko mitatu: mifuko mitatu ya bondi za shilingi ni serikali moja mara tatu. Umeongeza karatasi za kujaza, hujapunguza hatari. Mmoja unatosha.

Na hatari ya serikali yenyewe ipo, hata kwa mkopo wa shilingi. Desemba 2022 Ghana ilitangaza kubadilisha bondi zake za ndani, za fedha yake yenyewe, kwa nyingine za riba ndogo na muda mrefu zaidi. Februari 2023 wastaafu waliokuwa na bondi walisimama nje ya wizara ya fedha Accra wakidai haki yao. Sisemi Kenya inaelekea huko. Nasema hisa zako za KCB ziko kwenye mashua moja na bondi zako, maana benki zetu zote kubwa zimeshika dhamana za serikali kwa mabilioni. Kama ungeniuliza niongeze nini upande wa hisa, ningesema ule mfuko wa dunia kabla ya benki nyingine ya Nairobi.

Sasa kuna njia ya kutotumia mfuko kabisa, na kwa mtu wa hesabu kama wewe ingekuwa makosa nisiitaje. DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu ulioanza 2023, unamruhusu mtu mwenye kitambulisho, PIN ya KRA na akaunti ya benki kununua bondi moja kwa moja kwa simu, kuanzia sh 50,000. Hakuna ada ya meneja, na riba ya kila miezi sita inaingia benki yako. Tofauti ni kubwa. Chukua bondi zinazolipa asilimia 12. Kwenye mfuko, ada ya 2 inaondoka kwanza, zinabaki 10. Kodi ya zuio ya asilimia 15 ikikatwa unabaki na 8.5. Ukiishika mwenyewe bondi ya miaka 10 au zaidi, kodi ya zuio ni asilimia 10, unabaki na 10.8. Bondi ya miundombinu haikatwi, unabaki na 12 yote. Sh 100,000 kwa 8.5 zikiachwa miaka 20 zinakuwa kama 511,000. Kwa 10.8 zinakuwa 778,000.

Nimekupa hesabu hiyo, sasa niichafue kidogo. Ile 778,000 inadhani kila riba inayolipwa unaiwekeza tena palepale kwa 10.8. Bondi ya sh 50,000 inakulipa kama sh 2,700 kila miezi sita baada ya kodi, na kwa 2,700 hununui bondi nyingine. Itaenda MMF, au, tuseme ukweli, itaenda Naivas. Mfuko unairudisha kazini yenyewe kila siku. Tena ukitaka kuuza bondi yako kabla haijaiva utapitia kwa broka au benki, na kwa kiasi kidogo kama chako bei utakayopewa haitakufurahisha. Kwa hiyo sehemu ya kusawazishia iwe kwenye mfuko. Sehemu ambayo unajua hutaigusa ndiyo inayofaa DhowCSD. Na meneja wa mfuko akikuambia ana bondi za miundombinu, muulize kama ule msamaha wa kodi unakufikia wewe au unaishia njiani.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Sh 240,000 zibaki MMF kama dharura, na ikiwezekana kwenye akaunti tofauti ili zisichanganyike. Katika zile 160,000, laki moja iende mfuko wa bondi wa shilingi, kama majibu ya meneja yamekuridhisha. Sh 60,000 zifungue DhowCSD: subiri mnada wa bondi ambayo imebakisha kati ya miaka 4 na 8, ununue 50,000, ile 10,000 ibaki MMF. Halafu katika 25,000 za kila mwezi, 15,000 ziende mfuko wa hisa za dunia na 10,000 upande wa bondi. Kila baada ya miezi mitano hizo kumi kumi zimefika 50,000. Kama kuna bondi inayofaa, nunua, kama hakuna, ziende mfukoni. Pensheni na Sacco zinaendelea kukua zenyewe, kwa hiyo usije ukaongeza bondi kupita hapo kwa hofu ya mwezi mmoja mbaya.

Mara moja kwa mwaka, taarifa ya pensheni ikitoka, piga tena ile hesabu ya juu. Hisa zikiwa zimepita 65 au zimeshuka chini ya 55, elekeza pesa mpya upande uliopungua kwa miezi michache. Ukiona pesa mpya hazitoshi, hapo ndipo unauza vipande vya mfuko wa bondi au vya hisa. Na ukiwa na taarifa hiyo mkononi, mwulize mwakilishi wa wafanyakazi kwenye bodi ya pensheni yenu mali imegawanywaje hasa, maana ile nusu niliyotumia ni ya wastani wa nchi. Mpango wenu unaweza kuwa na asilimia 70 kwenye serikali, na hapo hesabu yako yote inasogea. Jambo jingine kwenye pensheni: tangu mwisho wa 2024 mchango wa hadi sh 30,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato. Kama unachanga chini ya hapo na mshahara wako uko kwenye kiwango cha asilimia 30, kila sh 1,000 unayoongeza inakugharimu 700 tu mfukoni. Hakuna mfuko wa bondi utakaokupa hivyo siku ya kwanza, ingawa pesa hizo nazo unazifunga.

Kuhusu ploti ya Joska, msigombane. Inaweza kuwa ununuzi mzuri kama hati ni safi na mna mpango wa kujenga. Ila iende kwenye hesabu yake yenyewe, maana haiwezi kuchukua nafasi ya bondi: hisa zikianguka mwezi Machi hutauza nusu ya ploti ifikapo Aprili. Mwambie bwana kwamba laki moja na sitini ya MMF haigusi mpango wake, kisha mkae mwone ploti itatoka kwenye mshahara wa nani.